Vyumba Vitatu vya Upepo

Dukani Mawaleh, baina ya mahema na majiko ya mkaa,
boti zimekunjwa kama majamvi baada ya arusi.
Nimekuja na tepu ya fundi mfukoni,
vipimo vya buti ya gari nimeviandika kiganjani:
mita moja na robo kwa sentimita sabini,
bila kuligusa gurudumu la akiba,
maana Thuraya hataki kusikia habari ya kulitoa.

Biju ananionyesha ya kijani kwanza.
Ina sakafu ya mbao, ina pahala pa mota,
kilo arobaini na mbili.
Nainua upande mmoja, mgongo unanitajia umri wangu.
Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, Al-Khuwair;
lifti yetu hupumzika kila Ijumaa kama karani wa serikali,
na Ijumaa ndiyo siku yetu ya bahari.

Ya pili ni ya manjano, nyepesi, ya kuchezea bwawani.
Nikaibonyeza kwa kidole gumba, ikanibonyea yote.
Nikayakumbuka maganda ya chaza kule Yiti,
yanavyochana kandambili,
nikairudisha rafuni taratibu, isije ikasikia.

Ya tatu ina rangi ya majivu.
Kilo kumi na nane na nusu, makasia ya kuchomoa,
pampu ya mguu, mkoba wenye mikanda ya begani.
Juu ya boksi wamechora familia inacheka:
baba, mama, mtoto, mtoto.
Watu wanne.
Sisi watano, na ndoo ya chambo.

Nikampigia Thuraya, nikamsomea kila kitu,
hata bei, riali sabini na moja,
niliyoitaja kama mtu anayeruka dimbwi.
Akanyamaza. Nikasikia mfuniko wa sufuria.
"Ikitoboka?"

Biju akapiga magoti, akapitisha mkono juu ya mshono
kama daktari wa watoto,
akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni:
vyumba vitatu, bwana; kimoja kikitoka upepo
viwili vitakurudisha pwani.
Polepole, umelowa, lakini utarudi.

Nikamfikishia.
Thuraya akacheka kicheko chake kifupi:
"Kama sisi mwaka ule."

Mwaka ule kampuni ilinipa barua, na kalamu ya zawadi.
Miezi kumi na moja.
Yeye usiku alishona abaya za watu.
Mama yangu akauza bangili mbili asitwambie;
tulijua tulipouona mkono mtupu unamimina kahawa.

Sikusema kitu. Nikatoa kadi.

Usiku tukaijaza sebuleni, meza juu ya kochi.
Mundhir akikanyaga pampu, Rayya akihesabu,
mia mbili na sita, mia mbili na saba,
hata boti ikagusa kabati la vyombo huku
na mlango wa choo kule, mtu asiweze kutoka.
Mama akavua makubadhi, akapanda wa mwanzo,
akaomba mto na sahani ya tende.
"Mimi sipungui," akasema. "Mpunguzeni mwengine."

Karatasi ya maelezo ina onyo moja nililolipenda:
usiijaze asubuhi ikakaza kabisa,
jua la mchana litaongeza lake.
Nimelibandika mlangoni mwa friji,
karibu na bili ya umeme.

Ijumaa ya kwanza zamu ya kubaki ikaniangukia mimi.
Thuraya akavuta makasia, mkono wa kulia una nguvu zaidi,
boti ikawa inazunguka kama paka anayetafuta pa kulala.
Mama mbele, jaketi la kuokolea juu ya kanga,
akiwaamuru samaki kwa majina.
Wakapata changu mmoja,
mfupi kuliko kandambili ya Rayya.
Wakabishana. Wakamrudisha.
Wakanipigia kelele nije nione, wakasahau
kwamba kamba yao iko mkononi mwangu,
nami nimekaa mchangani, juu ya mkoba,
na pampu baina ya miguu,
endapo.